Mzazi na Mtoto Katika Umande wa Kipupwe

Katika nchi ya miinuko ya Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo pamoja na wilaya zilizozaliwa kutokana nazo, mwezi wa Juni ukifika mvua huwa imekoma. Majani hukauka vilimani, upepo mkavu huvuma, na kila nyumba hujua kwamba kipupwe kimeingia. Alfajiri watoto hulala wamejikunyata chini ya mablanketi. Wakiamka hukimbilia jikoni kuota moto. Wazazi walio wengi huzihesabu saa hizo za mapema kuwa hazina kazi, ila kungojea jua lipande.

Leo twapenda kuzungumza na wazazi juu ya saa hizo hizo. Twasema nao walioko Kasulu na Kibondo kwanza, maana mifano yetu itatoka kwao. Lakini maneno haya yawahusu pia wale wa Njombe, wa Lushoto, wa Mbulu, na kila mahali ambapo baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wafunge milango. Shauri letu ni jepesi kusema: baba au mama na amwamshe mtoto wake siku moja kabla ya jua, amvike nguo nzito, amshike mkono, watoke pamoja waende bondeni na mwituni, warudi jua likiwa limepanda. Gharama yake ni usingizi wa saa mbili tu.

Sababu yetu ni hii. Vilima, chemchemi na misitu ya nchi yetu, baada ya miaka thelathini, itakuwa mikononi mwa watoto walio leo darasa la pili na la tatu. Mtu hakilindi asichokijua, wala hakijui kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha. Mwalimu ana watoto wengi darasani na kuta nne. Hawezi kumwonyesha kila mmoja mahali maji ya kijiji chake yanapotoka. Kazi hiyo ni ya mzazi. Basi tuitazame safari hiyo hatua kwa hatua, ili mzazi ajue atamwambia nini mwanawe.

Kwa nini ni baridi?

Hili ndilo swali la kwanza la mtoto, naye astahili jibu la kweli. Uso wa Ziwa Tanganyika uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 770 hivi. Mtu apandaye kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu, kisha Kibondo, huingia katika nchi iliyo mita 1,200 hadi 1,500, na baadhi ya vilima vya mpakani mwa Burundi huzidi hapo. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, hewa hupungua joto kwa digrii 6 hivi. Ndiyo sababu msafiri huondoka ziwani na shati moja, akafika juu akitafuta sweta.

Lakini kimo cha nchi hakibadiliki mwaka mzima, na mwezi wa Machi baridi si kali hivi. Sababu ya pili ni mawingu. Wakati wa mvua, mawingu huifunika nchi usiku kama blanketi, na joto lililoingia ardhini mchana haliponyoki upesi. Kipupwe kikija mbingu huwa wazi, nyota zote zaonekana, na joto la ardhi hupanda juu likapotea usiku kucha. Basi mtoto na afundishwe hivi: usiku wenye nyota nyingi huzaa asubuhi ya baridi. Akisha kulijua hilo, jioni atatazama juu, na mwenyewe atatabiri hali ya kesho.

Iko na sababu ya tatu, nayo mtoto ataitambua kwa miguu yake. Watakapoteremka kutoka mgongoni mwa kilima kwenda bondeni, ataona baridi inazidi.

“Baba, mbona huku chini baridi ni kali kuliko kule nyumbani?”

“Mwanangu, hewa ya baridi ni nzito. Usiku hutiririka kutoka vilimani kama maji, ikajaa bondeni.”

Maneno hayo machache yatosha. Wakati wa kurudi, wakipanda kilima, mtoto ataona mwenyewe kwamba baba amesema kweli, kwa kuwa joto litaongezeka kabla hawajafika nyumbani. Tangu siku hiyo atajua kwa nini ukungu hulala bondeni kama ziwa jeupe na vilele vya vilima huchomoza juu yake kama visiwa.

Kabla ya jua

Watu wa Kasulu na Kibondo wana bahati moja ambayo huenda hawajaifikiria: alfajiri yao ni ndefu kwa saa za serikali. Nchi nzima ya Tanzania hufuata saa moja, lakini jua halifuati saa hiyo. Kasulu iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii 9 hivi, na dunia huchukua dakika 4 kugeuka digrii moja. Kwa hiyo jua likisha kuchomoza Dar es Salaam, Kasulu hungoja zaidi ya nusu saa ndipo ilione. Mwezi wa Julai jua la huko huchomoza saa moja ya asubuhi ikiwa imekwisha kupita. Mwenye ndugu Dar es Salaam na ampigie simu saa hiyo, amwulize kama jua limetoka. Mtoto akisikia kwamba shangazi yake tayari anaona jua naye yumo gizani, ataelewa mzunguko wa dunia kuliko kwa picha ya kitabuni.

Katika giza hilo mzazi na amwonyeshe mtoto nyota. Yapata saa kumi na moja na nusu, mwezi wa Julai, upande wa mashariki kuelekea kaskazini, litaonekana kundi dogo la nyota zilizosongamana kama kifungu cha mbegu. Hicho ndicho Kilimia, na jina lenyewe latokana na kulima. Wahenga wa pwani walisema kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Maneno hayo si fumbo tupu, ni kalenda. Mwezi wa Mei, mvua zinapomalizikia, kundi hilo huzama magharibi pamoja na jua, likapotea machoni kwa majuma kadhaa. Likirudi huonekana alfajiri upande wa mashariki, na wakati huo mvua imekwisha koma. Kadiri miezi ipitavyo Kilimia huchomoza mapema zaidi, hata mwezi wa Novemba huonekana mashariki jua linapotua, na wakati huo wakulima wa Buha huwa wamekwisha kushika majembe. Babu zetu hawakuwa na kalenda ya ukutani, lakini walijua kusoma mbinguni. Haifai elimu hiyo ife kwa sababu tu tuna saa za mkononi.

Bondeni, penye maji

Kukianza kupambazuka, watoto hupenda kuuliza juu ya umande. Wengi hudhani kwamba umande huanguka kutoka juu kama mvua. Mzazi na aulize: chini ya jani pana pakavu au pana maji? Mtoto atageuza jani na kuona matone hata upande wa chini. Basi aelezwe kwamba hewa yenyewe ina maji yasiyoonekana, na yanapokutana na jani lililopoa usiku hugeuka kuwa matone, kama vile kikombe cha maji baridi kinavyotoka jasho mezani. Utando wa buibui, ambao mchana hatuuoni, asubuhi hiyo utakuwa umepangwa shanga za maji. Hapo mzazi asiseme neno. Amwache mtoto atazame.

Kisha waende kwenye kijito. Hapa pana swali ambalo watu wazima wengi hatujapata kujiuliza: ikiwa mvua imekoma tangu mwezi wa Mei, maji haya ya Julai yatoka wapi? Jibu lake ni la thamani kubwa kwa maisha ya kijiji. Maji hayo ni mvua ya Machi na Aprili. Ardhi iliyofunikwa na miti na majani makavu huyanywa maji polepole, ikayaweka ndani yake, ikayatoa kidogo kidogo katika chemchemi muda wote wa kiangazi. Lakini mlima ulio mtupu hauwezi kunywa. Mvua hupiga udongo wake, maji hukimbia kwa nguvu, yakachukua udongo pamoja nayo. Na kiangazi kikija kijito hukauka. Mtoto akilijua hilo akiwa na miaka minane, hatahitaji kuhubiriwa akiwa na miaka arobaini kwamba asikate miti ya kwenye chemchemi.

Na ajue pia maji hayo yaendako. Vijito vingi vya nyanda hizi huingia mwishowe katika mto Malagarasi. Mto huo huanza katika miinuko ya mpakani mwa Burundi, ukazunguka upande wa mashariki hata ukafika kwenye mabwawa makubwa unapokutana na mto Moyowosi, kisha ukageuka magharibi ukaingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 mabwawa hayo ya Malagarasi na Muyovozi yalikuwa mahali pa kwanza pa Tanzania kuandikwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye maana kubwa, chini ya Mkataba wa Ramsar. Eneo lake ni kilomita za mraba 32,500 hivi, kubwa kuliko nchi nzima ya Burundi. Humo huishi yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye watu husafiri kutoka mbali wamtazame. Mtoto wa Kibondo anaposimama kwenye kijito cha nyuma ya shamba lao, miguu yake imegusa maji yanayokwenda huko. Je, nani amempa habari hiyo?

Mwituni

Jua likianza kupenya ukungu, waingie mwituni. Misitu ya miombo, ambayo imefunika sehemu kubwa ya magharibi ya Tanzania, huonekana kwa mgeni kana kwamba miti yake yote ni ya namna moja. Mwenyeji ndiye ajuaye kutofautisha, na kutofautisha huanza kwa mti mmoja. Twashauri mzazi aanze na mninga. Chini yake mtoto ataokota tunda la mviringo kama sarafu kubwa, lenye ubawa mwembamba kuzunguka na miiba myembamba katikati kama nywele ngumu. Ubawa huo ndio unaoichukua mbegu kwa upepo. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mtoto aliyeuona mninga hivyo hatausahau, na siku akiona kitanda cha mninga dukani atajua kilitoka kwa kiumbe gani, na kwamba miaka mingi ilipita kabla hakijakuwa kitanda.

Baada ya mninga na aonyeshwe myombo, ambao magome yake tangu zamani yametengenezwa mizinga ya nyuki. Aambiwe kwamba arudi kuutazama mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, naye ataona majani mapya yakichipua mekundu kama shaba. Miti hiyo haingoji mvua; mizizi yake ina akiba.

Kuhusu nyuki wenyewe, asubuhi ya baridi ina somo la pekee. Mzazi na asimame na mtoto mbali na mzinga, watazame mlango wake. Baridi ikiwa kali hakuna nyuki atokaye. Si kwamba wamelala. Ndani ya mzinga hujikusanya pamoja, wakatetemesha misuli ya mbawa zao bila kuruka, na kwa kutetemeka huko hupata joto. Mahali walipo watoto wao hutunza joto la digrii 35 hivi, hata nje kukiwa na baridi gani. Jua likipasha hewa, nyuki wa kwanza hutoka, kisha wa pili, kisha wengi. Familia nzima hutetemeka ili watoto wasipoe! Twadhani mzazi hahitaji kuongeza neno juu ya hapo.

Somo la moto

Kuna jambo moja katika safari hii ambalo si la furaha, lakini halifai kuachwa. Kipupwe ni mwanzo wa msimu wa moto. Kila mwaka nyika za Kigoma huungua, na mioto mingi huwashwa na watu: mwenye kusafisha shamba, mwenye kutafuta wanyama, mwenye kurina asali kwa mwenge, na mara nyingi watoto wachungao mbuzi.

Mtoto na afundishwe kwamba mioto si sawa. Moto wa mapema, uwashwao majani yangali na unyevu, huenda polepole karibu na ardhi, nao huiacha miti hai. Kwa ajili hiyo wataalamu wa misitu wenyewe huutumia kwa mpango, ili kupunguza majani makavu. Lakini moto wa mwisho, wa Agosti hadi Oktoba, hukuta majani yamekauka kama karatasi na upepo una nguvu, tena huja wakati ule ule miti inapochipua. Moto huo huua miche, huteketeza mizinga, na kuiacha ardhi tupu ikingoja mvua ya kwanza iizoe. Asubuhi ya kipupwe, katika umande, mzazi aweza kumpa mtoto majani mabichi ayafinye, kisha amwambie akumbuke unyevu huo. Mwezi wa Septemba na ampe tena majani ya mahali pale pale. Mkono wake utamfundisha. Na iwe wazi kwake kwamba moto wa namna yoyote hauwashwi kwa kuamua mwenyewe, bali kwa ruhusa na ulinzi wa watu wazima wa kijiji.

Kamba iliyokatika

Msomaji aweza kusema: mambo haya watu wa Buha waliyajua siku zote, ya nini kuwafundisha? Ni kweli waliyajua. Lakini tuangalie historia, nasi tutaona jinsi kamba iliyofunga mtoto na nchi yake ilivyokatwa mara kwa mara.

Wakati wa utawala wa Waingereza, akina baba wengi wa Buha walikwenda mbali kama manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Waliondoka kwa miezi na miaka, na watoto wao wakakua bila baba wa kuwapeleka mwituni. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, uliifanya serikali iwahamishe watu kutoka makazi yaliyotawanyika porini na kuwakusanya mahali pamoja. Maisha ya wengi yaliokolewa, lakini pori walilolijua kwa majina likabaki nyuma yao. Kuanzia mwaka 1972 watu wa mkoa huu walihamishwa tena, safari hii kuingia katika vijiji vya Ujamaa. Shule, zahanati na maji ya bomba vilisogea karibu. Makaburi ya mababu na miti waliyoipanda vikawa mbali.

Kisha wakaja wageni wenye dhiki. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Warundi walikimbilia mkoa huu kwa wingi mwaka 1993, na tena mwaka 2015, ambapo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya kwa ajili yao. Watu wa Kigoma waliwapokea, na sifa hiyo ni yao daima. Lakini kila chungu chahitaji kuni, na misitu iliyozunguka kambi ililipa gharama. Hatumlaumu mama aliyetafuta kuni za kupikia wanawe. Twasema tu kwamba kizazi kilichokua katika miaka hiyo kimeuona msitu ukiwa mahali pa kukata, wala hakikupata nafasi ya kuuona ukiwa kitu kingine.

Siku hizi baba hahitaji kwenda Tanga ili awe mbali. Aweza kukaa nyumba moja na mwanawe, macho yake yakiwa katika simu tangu jioni hata usiku. Na mtoto hujifunza kwa kutazama. Naye atatazama simu.

Mama na binti huko Gombe

Mkoa huu wa Kigoma una mfano mmoja uliosikika duniani kote. Tarehe 14 Julai 1960, katikati ya kipupwe, mwanamke kijana wa Kiingereza aitwaye Jane Goodall alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ili awachunguze sokwe. Alikuwa na umri wa miaka 26, wala hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Serikali ya wakati ule haikukubali akae porini peke yake. Basi aliyekuja kukaa naye alikuwa mama yake mzazi, Vanne. Wote wawili waliugua malaria. Mama aliwagawia wavuvi dawa, na binti alipanda mlimani mapema asubuhi, siku baada ya siku, akiketi na kutazama tu. Kabla ya mwaka kwisha aliona sokwe akichukua kijiti na kuvua mchwa kichuguuni. Mpaka hapo wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza na kutumia vyombo ni kazi ya binadamu peke yake.

Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Katika maisha yake yote alipenda kusimulia kisa kimoja cha utoto wake. Alijificha kwa saa nyingi katika banda la kuku ili aone yai linatoka wapi, na nyumbani wakamtafuta kwa hofu. Aliporudi na majani ya banda yamemshika nywele, mama hakumgombeza; aliketi akasikiliza habari za yai. Tunawasihi wazazi walipime jambo hilo. Laiti mama yule angaliinua fimbo siku ile, huenda dunia isingalipata habari za Gombe.

Na sokwe wenyewe wanatufundisha. Mtoto wa sokwe hazaliwi akijua kuvua mchwa. Hukaa karibu na mama yake kwa miaka, akimtazama anavyochagua kijiti, anavyokisafisha, anavyokiingiza polepole. Watafiti wa Gombe walieleza mwaka 2004 kwamba watoto wa kike huutazama mkono wa mama kwa muda mrefu kuliko ndugu zao wa kiume, nao hupata ujuzi huo mapema zaidi. Ikiwa mnyama wa porini hapati elimu yake ila kwa kukaa karibu na mzazi aliye tayari kutazamwa, sisi tutawezaje kudhani kwamba watoto wetu wataipata kwa njia nyingine?

Namna ya kufanya

Ili mashauri haya yasiwe maneno matupu, twaongeza machache ya kutenda.

Kwanza, mzazi achague siku moja, hasa katika likizo ya katikati ya mwaka, wala asingoje apate nafasi. Nafasi haiji yenyewe. Usiku ule na amwambie mtoto kwamba kesho wataondoka pamoja. Furaha ya kungoja ni nusu ya safari.

Pili, amvike vizuri: kitu kizito kifuani, kofia, na viatu kama vipo. Mtoto mwenye kikohozi au pumu asitolewe katika baridi ya alfajiri. Siku yake itafika. Kabla ya kuondoka anywe uji wa moto. Mzazi ashike fimbo na taa, atangulie penye majani marefu kwa ajili ya nyoka, wala asimsogeze mtoto kwenye mzinga.

Tatu, wachukue watoto wachache. Akiwa mmoja au wawili, kila mtoto atauliza maswali yake. Wakiwa kumi itakuwa mchezo. Wala asisahauliwe binti. Mara nyingi yeye ndiye achotaye maji na kuokota kuni, naye atakuja kuwa mwalimu wa watoto wake.

Nne, mzazi asiyejua jambo na aseme wazi kwamba halijui, kisha waende wote wawili kwa mzee ajuaye. Kwa njia hiyo mtoto atapata mafunzo mawili: jibu la swali lake, na heshima kwa wazee. Na jina la mti au ndege likijulikana kwa Kiha, lisemwe kwa Kiha kwanza, ndipo kwa Kiswahili. Mara nyingi jina la kwao hubeba habari za matumizi ya mti huo.

Tano, wakirudi, mtoto apewe nafasi ya kumsimulia mama au bibi aliyebaki nyumbani yale aliyoyaona. Mzazi asimkatize wala kumsahihisha mbele ya watu. Habari ikisha kusimuliwa kwa kinywa cha mtoto huwa mali yake.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kilimia kitachomoza mwaka huu kama kilivyochomoza miaka yote, na umande utakaa majanini hata kama hakuna autazamaye. Lakini utoto wa mtoto hauna msimu wa pili. Aliye na miaka minane Julai hii atakuwa na miaka kumi na minane kabla hatujageuka, naye huenda atakuwa mjini, au atakuwa ndiye mwenye shoka mkononi mbele ya mti wa chemchemi. Atakalolifanya siku ile litatokana na yale aliyoonyeshwa akiwa mdogo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, watoto wetu wajua chemchemi au kijito kinacholeta maji ya nyumba yetu? Nani amewapeleka kukiona?

2. Tutaje miti mitano ya karibu na kwetu. Mtoto atambue ipi, na mzazi atambue ipi?

3. Moto wa nyika hutokea kwetu mwezi gani? Nani huuwasha, na kwa sababu gani?

4. Katika juma lililopita, ni saa ngapi ambazo baba au mama alikuwa na mtoto bila simu na bila kazi nyingine?

5. Ni siku gani ya kipupwe hiki tutakayotoka pamoja? Itajwe leo, iandikwe.